Mwenda Jean Bosco: karani wa Likasi aliyekifikisha Kiswahili chetu mbali

Majuma machache yaliyopita nilikuwa Kashikishi, pale Nchelenge, nikisubiri boti ya kurudi Kilwa, ng'ambo ya pili ya Ziwa Mweru. Wafanyabiashara wa njia hii wanaijua hali ya pale. Magunia ya chisense yamepangwa ufukweni, akina mama wamekalia marobota yao ya vitenge, madumu ya mafuta ya kupikia yamefungwa kamba, na boti haiondoki mpaka ijae. Kijana mmoja anayeingizia watu nyimbo kwenye simu kwa malipo madogo alikuwa amefungulia muziki. Katikati ya nyimbo za siku hizi likapita gitaa moja kavu, bila ngoma wala kinanda.

Mzee aliyekuwa amekaa karibu nami akanyanyua kichwa, akasema huyo ni Bosco. Kijana akajibu kwamba Bosco anamjua vizuri, ni yule mtakatifu ambaye picha yake imetundikwa kwenye shule za mapadri. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu katika umri wa kijana yule nami nilikuwa sijui, na kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu. Nilitoka Pweto mwishoni mwa mwaka 2000 nikiwa na miaka 17, vita vilipotufikia. Tulivuka kwa mtumbwi usiku, na baba yangu alibeba vitu viwili tu: mfuko wa nyaraka na gitaa lake. Siku ya nne gitaa likauzwa hapahapa Kashikishi, tukapata unga wa mahindi na samaki wa kutufikisha kambini. Nilimaliza sekondari katika kambi ya Kala, wilayani Kawambwa, kisha nikabahatika kupelekwa chuo cha ualimu hukohuko Zambia. Mwaka 2010 nikarudi nyumbani pamoja na wengine.

Chuoni tulisomeshwa kwa Kiingereza. Katika kitabu kimoja mlikuwa na sura juu ya Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, na klabu ya usiku iliyoitwa Cotton Club. Klabu hiyo ilifunguliwa mwaka 1923. Waimbaji, wacheza ngoma na wapigaji walikuwa weusi, miongoni mwao Duke Ellington aliyeanza kupiga pale na bendi yake mwaka 1927, lakini wateja waliokaa mezani walikuwa wazungu. Ilihama Harlem mwaka 1936 na kufungwa mwaka 1940. Wamarekani hawakukubali usiku ule upotee. Mwaka 1976 walipandisha jukwaani tamthilia ya nyimbo iitwayo Bubbling Brown Sugar kuhusu klabu za Harlem, na mwaka 2013 nyingine iitwayo After Midnight, iliyojengwa juu ya Cotton Club yenyewe.

Nilijibu swali la mtihani juu ya klabu ile, nikapata alama nzuri. Wakati huohuo, kila nilipokwenda likizo kambini, nilimkuta baba akipiga mluzi wimbo mmoja uleule alfajiri, akiwasha moto. Sikumuuliza hata mara moja ni wimbo gani. Ulikuwa Masanga, wa Mwenda Jean Bosco. Nililijua jina hilo baada ya baba kufariki.

Mwaka huu wanafunzi wangu walisikia kutoka kwangu habari za tamthilia zile za Harlem, wakaniuliza kwa nini nasi tusifanye yetu, yenye baa ya zamani ya Katanga, gitaa na nyimbo. Nikawauliza watamweka nani katikati ya jukwaa. Hawakuwa na jibu. Ndiyo maana nimekuwa nikivuka ziwa kuwatafuta wazee waliofanya kazi kwenye migodi, na ndiyo maana naandika makala haya.

Mtoto wa Bunkeya

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga. Bunkeya si kijiji cha kupita tu. Palikuwa makao makuu ya Msiri, mfalme wa Bayeke. Wazee wa Bayeke walikuwa wafanyabiashara wa Kisumbwa kutoka nchi iliyo magharibi ya Tabora, waliofuata shaba na pembe za ndovu mpaka wakatawala. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwenda ni jina kubwa kwa Bayeke, na Msiri mwenyewe alikuwa nalo. Kwa hiyo kijana Bosco alibeba majina mawili: moja la misheni, na jingine la ukoo uliokuja kwa miguu kutoka Tanzania ya leo.

Nawaomba wafanyabiashara wanaosoma gazeti hili waliangalie jambo hili kwa makini. Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili chetu cha upande huu ni cha kuokoteza, kwamba wenyewe wako pwani. Ukweli ni kwamba kilifika kwa njia ileile tunayopitia sisi: biashara. Kilikuja na mizigo ya wachuuzi, watu wakakishika kwa sababu kiliwasaidia kununua, kuuza na kuoana.

Baadaye migodi ikakipa nguvu mpya. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka Rhodesia ikafika Elisabethville mwaka 1910. Kazi ilihitaji watu wengi, nao wakaletwa kutoka kila upande: Kasai, Ruanda na Burundi, Nyasaland, na wengi sana kutoka Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na huku Luapula. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Kampuni ikachagua Kiswahili kiwe lugha ya kazi. Mtoto aliyezaliwa kambi ya migodi alikisikia kwa msimamizi, kwa jirani na kwa mama yake.

Bosco alisoma, akapata kazi ya ukarani Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Mchana alikuwa mtu wa kalamu na karatasi. Jioni alishika gitaa.

Mji wenye pande mbili

Ili kumwelewa Bosco ni lazima kuuelewa mji wa wakati ule. Kulikuwa na mji wa wazungu na kulikuwa na mitaa ya Waafrika, na kati yao palikuwa na mpaka ambao usiku haukuvukwa bila kibali. Mzee mmoja wa Nchelenge, aliyelelewa kambi ya migodi ambako baba yake alikuwa kibarua, alinieleza kwamba jioni mtu alikuwa na pa kwenda pawili tu: kanisani au baa. Baa zilikuwa za kawaida, mabenchi, taa na gramafoni. Aliyekuwa na gitaa hakukosa kinywaji. Watu waliketi kusikiliza habari za mtaa zilizotiwa nyimboni: nani ameoa vibaya, nani amekula mshahara wote siku moja, nani amesahau kwao.

Hapo nikaona tofauti na Harlem. Kule weusi walikuwa jukwaani, lakini mezani hawakuruhusiwa. Huku meza na jukwaa vilikuwa vyetu, kwa sababu tu mji ulikuwa umekatwa vipande viwili. Ubaguzi ule uliotunyima mengi ndio uliotuachia kibenchi ambapo mtu aliweza kuimba kwa lugha yake bila kumfurahisha bwana yeyote.

Wakati huo mtu hakuwa na haja ya bendi kubwa. Gitaa moja lilitosha, ila lilipaswa kufanya kazi ya watu wengi. Hapa ndipo Bosco alipowapita wengine. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada. Gumba liligonga nyuzi nene na kushika mwendo, shahada ikachezesha sauti nyembamba juu yake, na mara nyingi sauti hizo mbili hazikuangukia mahali pamoja. Asiyejua aliyesikiliza santuri alidhani wanapiga watu wawili. Wapigaji wengi wa wakati ule walikuwa na ufundi wa vidole, lakini wachache waliweza kulipamba wimbo mmoja kwa njia mpya kila uliporudi mwanzo.

Mwaka 1952

Mwaka 1952 alifika Jadotville Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, jina lake Hugh Tracey. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na mitambo ya kurekodi, akikusanya muziki wa Waafrika kabla haujapotea. Alimkuta Bosco, kijana wa miaka 22, akamrekodi. Kati ya nyimbo za siku zile ulikuwamo Masanga.

Santuri zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg kwa chapa ya Gallotone, na Masanga ikapata zawadi ya Osborn iliyotolewa kwa muziki bora wa Afrika. Kabla watu wa Jadotville hawajajua vizuri kwamba karani wao amekuwa mtu mkubwa, sauti yake ilikuwa imeshafika Rhodesia, Tanganyika, Kenya na Uganda. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika uchunguzi mrefu juu ya upigaji wake katika jarida la muziki wa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1960, akijaribu kuandika kwa nota kile ambacho Bosco alikifanya kwa vidole viwili.

Kila nikilisikia jina Masanga huliweka karibu na neno masangano, mahali njia zinapokutana. Labda ni masikio ya mtu aliyekulia mpakani. Lakini hata gitaa lenyewe liko hivyo: sauti mbili zinatoka mahali mbalimbali, zinakutana, zinaachana, na wimbo hauvunjiki.

Kutoka Katanga hadi Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bosco alikaa kwa muda Nairobi. Alikuwa na kipindi chake redioni, na vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gitaa walikaa karibu na redio wakijaribu kufuata vidole wasivyoviona. Ufundi wa vidole uliotawala santuri za Kenya kabla ya magitaa ya umeme una mkono wake ndani.

Hakuwa peke yake. Binamu yake Edouard Masengo naye alikwenda Nairobi na kujenga jina kubwa, hata akaimba katika matangazo ya bidhaa. Masengo alikuwa amepitia kundi la Elisabethville lililoitwa JECOKE, yaani vijana wachekeshaji wa mtaa wa Kenya. Wenyeji wa Lubumbashi wanaujua mtaa huo. Basi Masengo alitoka Kenya ya Lubumbashi kwenda Kenya ya Nairobi, na kote alieleweka. JECOKE walikuwa wakipanda jukwaani kwa suti na kofia, wakichanganya vichekesho, dansi na nyimbo, kwa mtindo uliotoka Marekani ukapitia Afrika Kusini. Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari hiyo walishangaa. Walidhani tamthilia ya nyimbo ni kitu cha wageni tunachotaka kuiga, kumbe babu zao walishakifanya Katanga katika miaka ya 1950, kwa Kiswahili.

Bosco alikwenda Nairobi bila kubadili lugha. Aliimba kwa Kiswahili cha kwao, chenye lafudhi ya migodi na maneno ambayo mtu wa Mombasa angeyashangaa kidogo, na watu hawakumwambia asahihishe kwanza ndipo wamsikilize. Nalisema hili nikiwakumbuka watoto wetu waliorudi kutoka Zambia mwaka ule wa 2010, waliochekwa darasani kwa sababu Kiswahili chao kilikuwa na Kibemba ndani yake. Nilikuwa mwalimu wao, na nakiri kwamba mwanzoni niliwasahihisha kwa ukali. Sikujua kwamba lugha ya nyimbo za baba yangu ilizaliwa kwa mchanganyiko kama huohuo.

Serikali zinabadilika, karani anabaki

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikatangaza kujitenga, jambo lililoisha Januari 1963. Miaka ile iliharibu biashara na kuwatawanya watu wengi. Baadaye majina yakaanza kubadilika: Elisabethville ikawa Lubumbashi na Jadotville ikawa Likasi mwaka 1966, nchi ikaitwa Zaire mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipowataka wananchi waache majina ya kikristo, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Kwake haikuwa kuvaa jina la kuazima. Lilikuwa jina lake la Bunkeya, lililokuwapo siku zote.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani kupiga katika tamasha la muziki wa asili la Newport. Fikiria, ndugu msomaji: kijana wa baa za Jadotville amesimama mbele ya Wamarekani, hana bendi, ana gitaa na Kiswahili tu.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba baada ya safari kama hizo alirudi. Hakuhamia Ulaya, hakuhamia Johannesburg zilikotengenezwa santuri zake. Alirudi Katanga, akaendelea na kazi za ofisini, akaingia pia katika biashara, na katika miaka ya 1970 akawa na bendi ya magitaa ya umeme, Super Shaba. Mwaka 1979 mpigaji gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Lubumbashi kumtafuta ajifunze kwake, kisha akaandika habari za safari hiyo. Yule aliyefunza nusu ya Afrika Mashariki kwa njia ya santuri alimkuta akiishi maisha ya mji kama watu wengine, mwenye familia na shughuli zake.

Wapo watakaoona hapo masikitiko: mtu mkubwa hivyo, kwa nini alibaki karani? Zamani nami ningesema hivyo. Leo naona pande mbili. Upande mmoja ni kweli kwamba muziki wa Waafrika wa enzi ile ulisafiri mbali kuliko malipo yake, na hilo ni dhuluma ambayo vijana wetu wanaopiga muziki wanapaswa kuifahamu kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote. Upande wa pili, mshahara wa ofisi ulimpa uhuru. Hakulazimika kuimba alichotaka mwenye baa. Wafanyabiashara mnanielewa: mwenye mtaji mdogo wa pembeni hapangiwi bei na mnunuzi wa kwanza.

Katika miaka ya 1980 Ulaya ilimkumbuka tena, akaalikwa na kurekodi upya nyimbo zake za zamani. Sauti ilikuwa imekua, lakini vidole vilikuwa vilevile.

Barabara ya Zambia

Septemba 1990 Mwenda Jean Bosco alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60. Alizaliwa kwa watu waliokuja kwa njia za biashara, akafia njiani ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo miaka 10 baadaye ingetupokea sisi kwa maelfu. Msomaji anayelala kwenye lori la mahindi au kwenye basi la usiku hahitaji kuelezwa kifo hicho. Kila mmoja wetu ana jina la mtu aliyebaki kwenye barabara zile.

Masengo alimfuata mwaka 2003. Kizazi kile kimekwisha.

Nirudi kwenye tamthilia ya wanafunzi. Mwanzoni kamati ya wazazi ilikataa. Mmoja wao, mzee wa kanisa ninayemheshimu, alisema shule haiwezi kujenga baa jukwaani, na akashauri tuweke mkutano wa kwaya badala yake. Nilifikiri sana. Ingekuwa rahisi kukubali, na amani ingepatikana. Lakini ingekuwa uongo, na watoto wangejifunza kwamba mahali ambapo wazee wao walicheka na kutunga nyimbo ni mahali pa kuonea aibu. Nikawaeleza kwamba tutaanza ofisini, kwa karani na kalamu yake; tutakwenda baa, tutakwenda redioni Nairobi, na tutamaliza barabarani. Wamekubali kwa sharti moja, kwamba chupa za jukwaani ziwe tupu. Sharti hilo ni la haki.

Bado tunahitaji gitaa. Lile la baba sitalipata tena, wala silitafuti. Aliyelinunua alitusaidia kuishi, na huenda nyumbani kwake lilipata mtoto wa kulipiga. Ila nawaomba mnaonunua vitu vya zamani katika vijiji vya ziwa hili, mkikuta santuri zenye chapa ya Gallotone, msiziuze kwa uzito wala msiwape watoto wazichezee kama sahani. Waulizeni kwanza wazee wa nyumba hiyo ni za nani. Waulizeni wakiwa hai, mimi nilichelewa.

Boti ya Kilwa iliondoka saa tisa alasiri siku ile. Kabla hatujapanda, yule kijana wa simu alimwendea mzee akamwomba ataje jina lote ili aliandike vizuri kwenye orodha yake. Mzee alilitaja polepole, mara mbili. Kijana akaandika Mwenda Jean Bosco, wa Bunkeya, kisha akatuuliza tuliokuwa foleni nani anataka aingiziwe. Watu watano walitoa simu zao, na mimi nilikuwa wa kwanza.